Kuhamisha Mafaili Kabla ya Kubadilisha Diski Kuu ya Kompyuta

Swali la mada hii linaweza kuja kwa maneno machache tu: "Eleza mambo ya kuzingatia kabla ya kubadilisha diski kuu ya kompyuta." Jibu linalomjia mtahiniwa haraka ni kunakili mafaili kwenye flashi, kufungua kompyuta, kutoa diski ya zamani na kuweka mpya. Jibu hilo si la uongo, ila limeruka mambo mawili ambayo kazi yote inayategemea. Halisemi ni mafaili yapi, wala halisemi utajuaje kwamba nakala uliyochukua inafunguka. Soma mada hii ukiwa na maswali hayo mawili kichwani.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Diski kuu ni kifaa kilicho ndani ya kompyuta ambacho hutunza mafaili na programu hata umeme ukizimwa. Mafundi wa mjini huiita hadi diski. Usiichanganye na RAM. RAM ni kama meza ya kufanyia kazi: barua unayoiandika sasa hivi imo humo, na umeme ukikatika kabla hujaihifadhi, barua imekwenda. Diski kuu ni kabati. Ukibadilisha RAM hupotezi hata faili moja lililokwisha kuhifadhiwa, lakini ukibadilisha diski kuu bila maandalizi unaliacha kabati zima mezani kwa fundi. Mtahini anayetaka kujua kama umeelewa au umekariri atakutega hapo hapo.

Diski huharibika vipi

Aina unazokutana nazo ni mbili. Ya kwanza ni diski ya sahani. Ndani yake mna sahani za duara zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu ya uso wa kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia ambacho huelea bila kugusa. Nafasi kati ya kichwa na sahani hupimwa kwa nanomita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Ndiyo maana kompyuta mpakato ikidondoka wakati inafanya kazi, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani, na palipokwaruzwa hapasomeki tena.

Kinachokiinua kichwa hicho ni hewa inayoburutwa na sahani inapozunguka. Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa Arusha atalielewa upesi kuliko mwenzake wa Tanga. Watengenezaji wengi wa diski za sahani zenye hewa ya kawaida ndani yake huandika kwamba zisifanye kazi juu ya mita 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Arusha mjini, penye mita 1,400 hivi, huna wasiwasi. Ukianza kupanda Mlima Meru, kibanda cha Miriakamba kiko kwenye mita 2,500 hivi, bado uko ndani ya kikomo. Kibanda cha pili, cha Saddle, kiko mita 3,500 na ushee, na kilele kimepita mita 4,500. Huko hewa ni nyepesi, haina nguvu ya kukiinua kichwa inavyotakiwa. Mtafiti anayepanda kupima mimea au hali ya hewa akibeba kompyuta yenye diski ya sahani anaihatarisha kazi yake bila hata kuiangusha. Mtihani hautakuuliza habari za Saddle, lakini ukikumbuka kichwa kinachoelea juu ya hewa nyembamba hutasahau kwa nini diski ya sahani haipendi mtikisiko.

Aina ya pili ni SSD. Hii haina kitu kinachozunguka. Hutunza data kwa chaji za umeme ndani ya vijumba vidogo sana vya silikoni, hivyo ni ya haraka na haiogopi sana kudondoka. Udhaifu wake uko kwingine. Kila kijumba kina kikomo cha mara kinazoweza kuandikwa, na tena SSD inaweza kufa kimya: leo umeitumia vizuri, kesho kompyuta haiioni kabisa.

Diski ya sahani mara nyingi hutoa dalili. Mafaili yanachukua muda mrefu kufunguka, kompyuta inaganda, faili lililofunguka jana leo linasema limeharibika, au unasikia mlio wa kugonga, tik, tik, tik, kutoka ndani. Ukisikia mlio huo, utaratibu wa kawaida hubadilika. Nakili kwanza vitu vyenye thamani kubwa, hata kama ni faili moja tu. Usianzishe programu ya kuipanga upya diski wala ya kuichunguza kwa saa nzima, kwa kuwa unailazimisha diski mgonjwa ikimbie mbio ndefu. Na kama haisomeki tena, izime. Kila ukiiwasha, kichwa kilichoharibika kinaweza kuongeza mkwaruzo juu ya mkwaruzo.

Mfano wa Arusha: ushahidi usioweza kurudiwa

Vitabu vingi hufundisha nakala za akiba kwa mfano wa picha za harusi. Sisi tunao mfano mzito zaidi hapa hapa jijini.

Tarehe 8 Novemba 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 955 na kuunda Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda, ili kuwahukumu waliohusika na mauaji ya kimbari ya mwaka huo. Mwaka 1995 Arusha ilichaguliwa kuwa makao yake, na kesi zikasikilizwa katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, AICC. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba nchini Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, ilikuwa imewashtaki watu 93 na kusikiliza mashahidi zaidi ya 3,000.

Yaliyosemwa mahakamani yalirekodiwa kwa sauti na video, na sehemu kubwa ya rekodi hizo iliwekwa kwenye kanda, kwa sababu ndicho chombo cha miaka ile. Kanda ina matatizo mawili. Sumaku yake hufifia kadiri miaka inavyopita, na mashine za kuichezea hazitengenezwi tena. La pili ni baya zaidi, ingawa wengi hulisahau. Kanda nzima isiyo na mashine ya kuisoma haina tofauti na kipande cha plastiki. Shahidi aliyezungumza mwaka 1997 hawezi kuitwa leo arudie maneno yale yale kwa sauti ile ile.

Kazi ya kutunza kumbukumbu hizo imeachiwa chombo cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa kumalizia shughuli za mahakama ya Rwanda na ile ya Yugoslavia ya zamani. Tawi lake la Arusha liko Lakilaki, nje kidogo ya jiji, katika majengo yaliyofunguliwa Novemba 2016, na mojawapo ni jengo la nyaraka. Mojawapo ya kazi za huko ni kuyatoa yaliyomo kwenye kanda na kuyaweka katika mafaili ya kompyuta.

Fikiria kazi hiyo inavyokwenda. Kanda ya saa moja inachukua saa moja kuicheza ili irekodiwe upya. Huwezi kuiharakisha kama unavyoburuta folda kwa kipanya. Kila rekodi lazima ijulikane ni ya kesi gani na ya siku gani, maana faili lisilo na jina linaloeleweka, kati ya maelfu, halina tofauti na faili lililopotea. Zaidi ya hayo, wapo mashahidi ambao majina yao yalifichwa kwa usalama wao, na sehemu za ushahidi wao zilitolewa faraghani. Nakala ambayo umma unaruhusiwa kuiona ni lazima iondolewe sehemu hizo. Unaponakili, basi, huongezi usalama wa faili peke yake. Unaongeza pia idadi ya mahali ambapo siri inaweza kuvuja.

Kompyuta ya nyumbani kwenu haina ushahidi wa namna hiyo, lakini kipimo cha kuamua kitu gani kitangulie ni kilekile: ni kipi hakiwezi kupatikana tena? Mfumo endeshi unaweza kusimikwa upya. Filamu na muziki utavipata kwingine. Picha za bibi aliyefariki, majibu ya mazoezi uliyoyachapa tangu kidato cha tatu, na alama za wanafunzi zilizokusanywa kwa miaka minne havipatikani dukani.

Kujua kilichomo

Tuchukue mfano. Ofisi ya taaluma ya shule ya sekondari huko Ngaramtoni ina kompyuta yenye diski ya sahani ya gigabaiti 500, na gigabaiti 200 zimeshatumika. Ni mwezi Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Diski imeanza kuganda, na mwalimu wa taaluma amekuita wewe na mwenzako kwa kuwa mnasoma kompyuta. Mnaanzia wapi?

Mnaanzia kwenye karatasi na kalamu. Andikeni ni nani wanaoitumia kompyuta hiyo na kila mmoja anahifadhi kazi zake wapi. Folda zinazoonekana upesi, yaani zile zilizoandikwa Documents, Pictures na Downloads, hazitoshi. Mwalimu mmoja huhifadhi kila kitu kwenye kioo cha mwanzo. Mwingine amefungua folda yake kwenye sehemu ya pili ya diski, ile inayoonyeshwa kwa herufi D. Programu ya kutunzia alama au ada inaweza kuwa na hifadhidata yake ndani ya folda ya programu yenyewe, mahali ambapo hakuna mtu hufungua. Hilo la hifadhidata ndilo huumiza ofisi nyingi. Watu huchukua barua na picha zote, halafu wiki moja baadaye programu ya ada inafunguka ikiwa tupu.

Kuna pia mtego wa njia za mkato. Zile picha ndogo zenye mshale kwenye kona, zilizopangwa kwenye kioo cha mwanzo, si mafaili. Ni vibao vya kuelekeza njia tu. Ukinakili kibao kinachosema "Alama za Kidato cha Nne" ukakiweka kwenye flashi, umebeba kibao na nyumba umeiacha. Angalia ukubwa wake: njia ya mkato huwa na kilobaiti chache, wakati folda halisi ina megabaiti nyingi. Ukikuta flashi ambayo folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato, hiyo ni kazi ya virusi vilivyozoeleka sana kwenye flashi zinazozunguka mashuleni na kwenye maduka ya kuchapia. Mara nyingi mafaili yenyewe bado yamo, yamefichwa. Usiifomati flashi hiyo kwa hasira. Isafishe kwa programu ya kuondoa virusi, kisha iamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa.

Yapo na mambo yasiyo mafaili kwa sura yake: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, alamisho za kurasa, namba za leseni za programu zilizonunuliwa, na mipangilio ya printa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuteni ufunguo wake wa kuifungulia wenye tarakimu 48 kabla ya kugusa skrubu hata moja. Bila ufunguo huo, diski iliyotolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine haitasomeka.

Ukubwa na muda

Sehemu hii huleta maswali ya hesabu, na alama zake ni rahisi kwa anayezijua tofauti mbili.

Tofauti ya kwanza ni ya gigabaiti ya dukani na gigabaiti ya kwenye kioo. Mtengenezaji anayeuza diski ya terabaiti 1 anahesabu baiti 1,000,000,000,000. Windows huigawa hesabu hiyo kwa 1,024 mara tatu ili ipate gigabaiti, na kioo kinaonyesha 931 hivi. Diski ya 500 huonekana kama 465. Muuzaji hajakuibia. Ila unapochagua diski ya kuhamishia, linganisha namba za aina moja.

Tofauti ya pili ni ya biti na baiti. Baiti moja ni biti nane. Kasi ya intaneti hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, ukubwa wa faili kwa megabaiti. Asiyegawa kwa nane hupata jibu lililokosea mara nane.

Turudi Ngaramtoni tukahesabu. Gigabaiti 200 ni megabaiti 200,000. Kwa diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la USB 2.0, kasi halisi ya megabaiti 30 kwa sekunde ni ya kawaida. Gawa 200,000 kwa 30, unapata sekunde 6,667, yaani saa 1 na dakika 51. Kwa USB 3.0 na diski ya sahani inayotoa megabaiti 100 kwa sekunde, ni sekunde 2,000, dakika 33 hivi. Sasa jaribu kupeleka mzigo huo kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa intaneti inayopandisha megabiti 4 kwa sekunde. Megabiti 4 ni nusu megabaiti. Gawa 200,000 kwa 0.5, unapata sekunde 400,000, yaani saa 111, zaidi ya siku nne na nusu mchana na usiku bila intaneti kukatika, na hujazungumzia bando. Kwa hiyo mtandaoni mtapeleka vile vichache visivyoweza kurudishwa, kama hifadhidata ya alama na nyaraka za ofisi, na mzigo mkubwa utakwenda kwenye diski ya nje.

Hesabu hizo ni za faili kubwa linalokwenda kwa mkupuo. Mafaili madogo maelfu kwa maelfu huchukua muda mrefu zaidi hata kama jumla ya ukubwa ni ileile, kwa kuwa kompyuta inaandikisha kila moja peke yake. Diski inayokaribia kufa nayo huenda polepole kuliko hesabu yoyote. Msianze saa kumi na nusu jioni wakati ofisi inafungwa saa kumi na moja.

Jambo dogo linalokwamisha watu: flashi nyingi huja zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Video ya mahafali yenye gigabaiti 6 itakataliwa hata kama flashi ina nafasi ya 32. Mpangilio wa exFAT au NTFS unaipokea. Kubadilisha mpangilio kunafuta kila kilichomo kwenye flashi, hivyo kiangalieni kwanza.

Nakala ngapi, na ziwe wapi

Kanuni inayotajwa sana ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh. Uwe na nakala tatu za kitu muhimu, ukihesabu na ile ya asili. Ziwe kwenye vyombo vya aina mbili tofauti. Na moja iwe mahali pengine kabisa. Wanafunzi hukariri namba na kusahau sababu yake. Nakala mbili kwenye sehemu C na D za diski ileile si nakala mbili, kwa kuwa diski ikifa zote zimekufa. Flashi iliyo mfuko mmoja na kompyuta mpakato haikusaidii mfuko ukiibwa kwenye daladala. Kinachotakiwa ni kwamba tukio moja, liwe moto, wizi, radi au kikombe cha chai, lisiweze kuziua zote. Katika mfano wetu, moja ibaki kwenye diski ya nje ndani ya kabati la mkuu wa shule lenye kufuli, na nyingine, ya vile vichache vya thamani, iwe mtandaoni ikilindwa kwa nywila. Alama na taarifa za wanafunzi si za kuweka kwenye flashi ya mtu binafsi inayozunguka mtaani.

Wakati wa kuchukua nakala, nakili. Usikate na kubandika. Ukikata, mfumo huondoa faili mahali pa zamani likishafika pa pya, na umeme ukikatika katikati ya safari unaweza kubaki na folda iliyogawanyika, nusu huku na nusu kule. Ukinakili, cha asili kipo palepale hata safari ikiharibika. Na flashi itolewe kwa utaratibu, kwa kuiamuru kompyuta iitoe, kwa kuwa data nyingine bado iko njiani hata baada ya kioo kusema imemaliza.

Kisha ikaguliwe. Hapa ndipo wengi huachia, na ndipo mtahini anapokuongezea alama. Linganisha idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa pande zote mbili. Hiyo ni hatua ya kwanza tu, kwa sababu faili lililoharibika linaweza kuwa na ukubwa ulele. Peleka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili kadhaa ya kila aina: hati, jedwali la alama, picha, video hadi mwisho wake. Fungua hasa yale makubwa na ya zamani. Kwa hifadhidata, isimike programu yake kwenye hiyo kompyuta nyingine uone kama inazisoma kumbukumbu. Kwa kazi nyeti zaidi hutumika alama ya ukaguzi: programu husoma faili lote na kutoa mfuatano mmoja, kwa SHA-256 huwa wa herufi na tarakimu 64. Biti moja ikibadilika, mfuatano wote hubadilika. Mifuatano ya pande mbili ikifanana, faili limefika kama lilivyoondoka.

Kuna njia nyingine, ya kuihamisha diski nzima kama ilivyo, pamoja na mfumo endeshi na programu zote, kwenda kwenye diski mpya. Ina faida kwamba kompyuta huwaka ikiwa vilevile. Lakini hubeba na virusi na uchafu wa miaka yote, na diski iliyokwisha kuharibika inaweza kuikwamisha katikati. Hata ukichagua njia hii, nakala ya akiba ya mafaili hutangulia.

Diski ya zamani

Ikishatolewa, diski ya zamani isiuzwe wala kutupwa siku hiyo. Iandikwe tarehe, ifungwe, ikae mwezi mmoja au zaidi. Katika muda huo mtu atakumbuka folda aliyoisahau. Katika ofisi yenye walimu wengi hakosekani.

Baada ya hapo, ifutwe kabla ya kutoka mikononi mwa shule. Kufuta kwa kawaida, hata kumwaga pipa la taka, huondoa jina la faili kwenye orodha tu. Yaliyomo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kwenye diski ya sahani programu za kurejesha huyapata kirahisi. Diski ya sahani iandikwe upya yote kwa programu maalumu. SSD ina amri yake ya kujifuta ambayo hutolewa kwa programu ya mtengenezaji. Diski iliyokufa isiyopokea amri, ivunjwe sahani zake. Hili kwa shule ni suala la kisheria pia: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina, alama na taarifa za wazazi ni taarifa binafsi.

Maswali ya kujipima

1. Mwanafunzi alinakili njia 12 za mkato kutoka kioo cha mwanzo kwenda kwenye flashi, akabadilisha diski, na mafaili hayakufunguka. Eleza kilichotokea na utaje dalili moja ambayo ingemwonya mapema.

2. Kompyuta ina gigabaiti 90 za mafaili. Kokotoa muda wa kuyahamisha kwa kasi ya megabaiti 25 kwa sekunde, kisha kwa intaneti inayopandisha megabiti 8 kwa sekunde. Chukua gigabaiti 1 kuwa megabaiti 1,000. (Majibu: saa 1, saa 25.)

3. Diski ya sahani inatoa mlio wa kugonga na bado inasomeka kwa shida. Ina filamu gigabaiti 150, mfumo endeshi, na jedwali la alama la megabaiti 3. Panga utakavyoanza kunakili na utoe sababu. Anayeanza na filamu kwa kuwa ni kubwa hapati alama. Anayeanza na jedwali akaishia kusema "kwa sababu ni dogo" hupata nusu.

4. "Kanda nzima isiyo na mashine ya kuisoma haina tofauti na kipande cha plastiki." Kwa kutumia mfano wa kumbukumbu zinazotunzwa Lakilaki, eleza kwa nini nakala ya akiba iliyochukuliwa mara moja na kufungiwa kabatini kwa miaka 20 inaweza isisaidie. Jibu lako liguse chombo chenyewe, mashine ya kukisoma, na programu ya kufungulia faili.